Salchow: Bingwa Aliyeogopa Majaji

Nianze kwa kukiri ushamba wangu. Mara ya kwanza kusikia jina la Salchow nilidhani ni la mchezaji aliyekuwa uwanjani.

Tulikuwa fildi mwaka jana, walimu tarajali watatu tumepanga chumba kimoja pembeni mwa Katoro, mkoani Geita. Jumamosi moja usiku mwenzetu aliyekuwa na bando akatuonyesha video za Olimpiki ya majira ya baridi. Wanaume wanateleza kwenye barafu kwa muziki, wanazunguka kama pia, wanaruka juu na kutua kwa mguu mmoja. Kila baada ya muda mtangazaji anataja Salchow. Mmoja akaanguka, Salchow. Akaingia mwingine mwenye nguo tofauti, tena Salchow. Nikauliza huyu jamaa ana roho gani, ameanguka sasa hivi na tayari kabadilisha nguo na karudi. Wenzangu walicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kumbe Salchow ni jina la mruko, na mruko huo umepewa jina la mtu aliyefariki mwaka 1949. Wenzangu walipolala mimi niliendelea kumsoma hadi saa nane usiku. Sikuvutwa na barafu. Barafu niliyoizoea ni ile ya kuhifadhia sato sokoni. Kilichoninyima usingizi ni kwamba siku moja kabla, yaani Ijumaa, nilikuwa jaji, na nilikuwa nimefanya jambo ambalo halikunipa amani.

Shuleni nilikopangiwa kulikuwa na mashindano ya ngoma kati ya mikondo miwili ya Kidato cha Pili, A na B. Zawadi ilikuwa mpira wa miguu. Majaji tulikuwa watatu, na mimi nilikuwa nafundisha Kiswahili mkondo A. Mkondo B walicheza bugobogobo, ile ngoma ya majembe. Wanalirusha jembe juu, linazunguka, wanalidaka bila kulitazama. Hakuna jembe hata moja lililogusa ardhi. Mkondo A nao walicheza vizuri, lakini jembe la mmoja wao lilianguka na kila mtu alilisikia. Nikawapa A alama 27 kwa 30, na B alama 26. Jaji wa pili aliwapa A ushindi, wa tatu akawapa B kwa tofauti ileile. Kwa hiyo alama yangu moja ndiyo iliyoamua.

Kwa nini nilifanya vile? A walikuwa watoto wangu. Walinichangamkia siku ya kwanza nilipoingia darasani nikitetemeka, walijua jina langu, waliniitikia vizuri. Basi tu.

Baada ya matokeo, kijana aliyeongoza ngoma ya B alinifuata kwa adabu, akaniuliza wamekosea wapi ili safari ijayo warekebishe. Nikamwambia hatua zao hazikwenda pamoja vizuri. Ulikuwa uongo. Akashukuru, akaondoka.

Sasa turudi kwa Salchow.

Jina lake kamili ni Karl Emil Julius Ulrich Salchow. Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1877 mjini Copenhagen, Denmark, lakini aliishi Stockholm na kushindania Uswidi. Huko majira ya baridi maji huganda kabisa, mtu anatembea juu yake, na ukivaa viatu vyenye chuma chembamba chini kama makali ya kisu unateleza. Chama cha kimataifa cha mchezo huo kilianzishwa mwaka 1892, na mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia yakafanyika St. Petersburg, Urusi, mwaka 1896. Miaka hiyo huku kwetu Wajerumani ndio kwanza walikuwa wanajenga maboma yao.

Mchezo wenyewe wakati ule ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuchora. Mchezaji anateleza kwa mguu mmoja akichora maumbo kwenye barafu kwa makali ya kiatu, kama namba 8, kisha anapita palepale tena na tena. Majaji wanasogea, wanainama, wanaangalia kama mistari imelaliana. Ya pili ilikuwa ya kucheza kwa uhuru, ambapo mchezaji anaonyesha madoido yake. Ile ya kuchora ndiyo iliyobeba uzito zaidi, na ilidumu katika mashindano makubwa hadi mwaka 1990.

Naomba mliokulia Usukumani mnielewe kwa mfano wa nyumbani. Mimi ni mtu wa Shinyanga. Kwetu ngoma ni mashindano tangu zamani, na wachezaji wako pande mbili, Bagika na Bagalu. Wazee wanasimulia kwamba pande hizo zilitokana na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na watu wanakwenda wanakovutwa. Kundi lililojaza watu ndilo limeshinda. Hakuna karatasi. Ndiyo maana wachezaji walibuni kucheza na nyoka, na nungunungu, na kila kitu cha kumfanya mtu avuke upande.

Kwenye barafu mambo ni tofauti. Umati unaweza kupiga makofi mpaka mikono iwake moto, anayeamua ni mtu mwenye karatasi. Mpira ukiingia golini ni goli, mkimbiaji ana saa, lakini mtelezaji hana kipimo zaidi ya macho ya majaji. Maisha yote ya Salchow yalipitia kwenye macho hayo.

Alianza mapema. Mwaka 1897, kabla hajatimiza miaka 20, alikuwa wa pili duniani. Akawa bingwa wa Ulaya miaka mitatu mfululizo, 1898, 1899 na 1900. Lakini ubingwa wa dunia ulimkwepa. Mwaka 1899 wa pili, mwaka 1900 wa pili tena, na mara zote tatu aliyemtangulia ni yuleyule, Gustav Hügel wa Austria. Aliyewahi kukosa daraja la juu kwa alama moja kila muhula anajua hali hiyo.

Mwaka 1901 mashindano yakafanyika Stockholm, nyumbani kwake, na Salchow akashinda. Kuanzia hapo hakushikika. Alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1901, 1902, 1903, 1904 na 1905.

Ubingwa wa 1902 una kisa chake. Mashindano yalikuwa London, na akajitokeza mwanamke Mwingereza anayeitwa Madge Syers kuomba kushindana. Waandaaji walipopekua kanuni hawakukuta mahali palipoandikwa kwamba mwanamke haruhusiwi. Hakuna aliyewahi kuwaza kuliandika. Ikabidi wamruhusu. Akashindana na wanaume, akawa wa pili nyuma ya Salchow. Mwaka uliofuata chama cha kimataifa kikaziba mwanya huo. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba sketi ndefu inawazuia majaji kuona miguu, na kwamba jaji anaweza kujikuta anampa alama msichana anayempenda. Yaani jaji ndiye mwenye udhaifu, anayefungiwa ni mchezaji! Mwaka 1906 wanawake wakapewa mashindano yao, na Syers akashinda mwaka huo na uliofuata.

Mwaka huohuo wa 1906 likatokea jambo lililonikalia kichwani usiku ule. Ubingwa wa dunia ulipangwa Munich, Ujerumani, mji wa mpinzani wake Gilbert Fuchs. Salchow alikuwa bingwa mtetezi, mtu wa mataji matano, na hakwenda. Aliogopa kwamba majaji wa kule hawatamtendea haki. Fuchs akashinda, Salchow akabaki kwao.

Watu wa Geita hawahitaji kuelezwa sana hapo. Mjomba wangu ni mchimbaji mdogo. Amenisimulia jinsi zamani alivyokuwa akibeba punje zake za dhahabu kwenye kikaratasi, akapima kwa mnunuzi mmoja, akavuka barabara kupima kwa mwingine, na dhahabu ileile ikapungua uzito kwa hatua 20 alizotembea. Alikuwa na msemo wake kwamba kuchimba ni kazi ya mwili, ila kupimiwa ni kazi ya moyo. Mtu anaweza kushuka shimoni bila hofu, halafu akaogopa mzani. Tangu mwaka 2019 mjini Geita kuna soko rasmi la madini, ambako dhahabu inapimwa hadharani, na mjomba anasema nafuu yake kubwa ni kwamba siku hizi watu wote wanautazama mzani mmoja.

Salchow alirudi mwaka 1907 akachukua tena ubingwa, halafu akaushika mpaka mwaka 1911. Jumla mataji 10 ya dunia. Mpaka leo hakuna mwanamume aliyeipita idadi hiyo katika mchezo huu, zaidi ya miaka 110 baadaye. Ubingwa wa Ulaya aliupata mara 9, wa mwisho mwaka 1913.

Lakini mwaka 1908 upepo uligeuka, na hapa ndipo habari yake inapouma. Mchezo wa kuteleza uliingizwa kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, London, mwezi Oktoba. Alikuwepo Mrusi anayeitwa Nikolai Panin, ambaye mapema mwaka huohuo alikuwa amemshinda Salchow kwenye mashindano ya St. Petersburg. Baada ya sehemu ya kuchora, Panin akajiondoa akilalamika kwamba majaji wanampendelea mpinzani wake. Salchow akapata dhahabu, na waliomfuata wote wawili, Richard Johansson na Per Thorén, walikuwa Waswidi wenzake. Panin hakuondoka mikono mitupu. Kulikuwa na shindano jingine la michoro maalumu, ambalo Salchow hakushiriki, na Panin akalishinda. Akawa mtu wa kwanza kuipatia Urusi dhahabu ya Olimpiki.

Tazama jinsi viti vilivyobadilishana. Mwaka 1906 Salchow anabaki nyumbani kwa sababu hawaamini majaji. Mwaka 1908 mwingine anavua viatu kwa sababu hawaamini majaji, na safari hii aliyepanda jukwaani ni Salchow. Salchow hakujipa alama mwenyewe, na uwezo alikuwa nao, mataji 10 hayaokotwi. Ila dhahabu ile imebaki na neno pembeni yake. Kila anayesimulia ushindi wake wa London lazima amtaje na Panin.

Nilipofika hapo nilizima simu kwa muda. Niliwafikiria mkondo A. Walikuwa wamefanya mazoezi kwa wiki tatu, wengine bila viatu, jioni baada ya kuchota maji. Mpira waliupata, na nilidhani nimewafanyia wema. Kumbe nimewapa ushindi wenye neno pembeni. Wao wenyewe walisikia jembe linaanguka.

Mwaka 1909 Salchow alifanya mbele ya majaji kitu ambacho hakihitaji kubishaniwa. Aliteleza kinyumenyume kwa mguu mmoja, akiegemea makali ya ndani ya kiatu, akajirusha, akazunguka hewani, akatua kwa mguu wa pili juu ya makali ya nje, bado akienda kinyumenyume. Ndio mruko uliobeba jina lake. Wenzake wa aina hiyo ni Axel Paulsen wa Norwe, ambaye mruko wake wa mwaka 1882 unaitwa Axel, na Alois Lutz wa Austria, mwenye mruko wa mwaka 1913. Salchow alizunguka mara moja. Mwaka 1998 Mmarekani Timothy Goebel akauzungusha mara nne, na mwaka 2002 binti wa Kijapani, Miki Ando, naye akafanya hivyo.

Baada ya vita kuu ya kwanza, Olimpiki ya mwaka 1920 ilifanyika Antwerp, Ubelgiji. Salchow alikuwa na miaka 42 na alikwenda kushindana. Dhahabu ilichukuliwa na Mswidi mwenzake aliyekuwa kijana, Gillis Grafström, na nafasi mbili zilizofuata zikaenda kwa Wanorwe. Salchow akawa wa nne, hakuna medali. Bingwa mara 10 kukubali kusimama tena mbele ya majaji na kutoka mtupu, kwangu ni ujasiri. Mwaka 1906 angeweza kufungwa kwa kuonewa, akakimbia. Mwaka 1920 alifungwa kwa kuzidiwa, na hakukimbia.

Kisha akavuka meza. Mwaka 1925 akawa rais wa chama cha kimataifa cha mchezo huo, kiti alichokikalia hadi mwaka 1937. Aliongoza pia AIK, klabu kubwa ya michezo ya Stockholm, kuanzia mwaka 1928 hadi 1939. Sasa hakuwa mtu wa kupewa alama. Alikuwa kiongozi wa wale wanaozitoa.

Na mtihani ukaja mapema. Mwaka 1927 ubingwa wa dunia wa wanawake ulifanyika Oslo, Norwe. Walioshindania nafasi ya juu ni Herma Szabo wa Austria, bingwa wa miaka mitano, na Sonja Henie wa Norwe, binti wa miaka 14. Majaji walikuwa watano, na watatu kati yao Wanorwe. Wanorwe wote watatu walimweka Henie wa kwanza. Mwaustria na Mjerumani walimweka Szabo. Henie akashinda kwa kura tatu dhidi ya mbili. Henie hakuwa mbovu, maana baadaye naye alifikisha mataji 10 kama Salchow. Lakini kelele zilikuwa kubwa, na chama kilichokuwa chini ya Salchow kikabadilisha kanuni: kila nchi isiwe na jaji zaidi ya mmoja kwenye ubingwa.

Nikiyapanga haya mfululizo naona mtu aliyeuonja mzani kutoka kila upande. Aliogopa kuonewa. Akashinda huku mwingine akilia kuonewa. Akashindwa kihalali. Mwisho akaongoza chama kilichokubali kwamba jaji mwema hatoshi, lazima iwepo kanuni inayomlinda dhidi ya mapenzi yake mwenyewe. Wanorwe wale huenda hawakuwa walaghai. Huenda waliona kweli binti yao ndiye bora. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu macho ya mtu yanamwona wa kwao kwanza.

Kanuni hiyo haikumaliza upendeleo. Mwaka 2002 huko Salt Lake City, Marekani, jaji mmoja wa Ufaransa aliingia kwenye kashfa iliyofanya dhahabu ya mashindano ya wawili wawili itolewe kwa jozi mbili, Warusi na Wakanada, na mfumo mzima wa alama ukabadilishwa baadaye. Mzani unahitaji kuangaliwa kila kizazi.

Salchow alifariki Stockholm mwezi Aprili 1949, akiwa na miaka 71. Alama alizopewa hakuna anayezikumbuka. Mruko wake unatajwa kila baridi inapoingia, na hata mshamba wa Katoro ameusikia.

Sasa nimalizie ya kwangu, maana nimewaanzishia. Sikwenda kukiri Jumatatu. Jumatatu niliona aibu, Jumanne nikajipa sababu kwamba ni mpira tu, na wiki zikapita. Ilikuwa wiki ya mwisho ya fildi nilipoomba mikondo yote miwili wakae pamoja chini ya mwembe. Niliwaambia alama zangu zilivyokuwa, na kwamba kwa haki B walistahili kuzidi. Nikamgeukia yule kijana wa B, nikamwambia hatua zao zilikwenda pamoja na kwamba nilimdanganya.

Nilitegemea kelele. Walikaa kimya, halafu kiranja wa A akasema mpira wenyewe ulishatobolewa na miiba wiki ya pili, wakacheka wote. Yule kijana hakucheka. Aliniuliza kama karatasi ile inaweza kubadilishwa. Nikamjibu kwamba haiwezekani, ilishawekwa kwenye faili. Akaitikia kwa kichwa, akainama kufunga kamba ya kiatu chake. Sijui kama alinisamehe, na sikuwa na haki ya kumuuliza.

Wengi wetu mwakani tutakuwa kazini. Humu chuoni tunajua sana kulalamikia alama tunazopewa, na mara nyingine tuna haki. Lakini baada ya miezi michache kalamu nyekundu itakuwa mikononi mwetu, na atakuwepo mtoto anayekaa mbele, anayeitikia vizuri, anayetuletea maji ya kunywa, na mwingine wa nyuma tusiyejua hata jina lake. Mwongozo wa usahihishaji tunafundishwa kuuandaa, nao ni mzuri. Mimi nimeongeza kanuni yangu moja ndogo. Nikikusanya madaftari au karatasi za jaribio nakunja kona yenye jina kabla sijasoma hata mstari mmoja, na siikunjui mpaka nimejumlisha.

Wenzangu wa chumbani wananitania. Nikikunja zile kona wanasema mwalimu anaruka Salchow.